Niliuharibu Mchezo wa Ng'ombe na Treni

Nimekosa. Sitaki kuanza kwa kuzungukazunguka, maana kuzunguka ndiyo kazi inayonilisha na nimeifanya vya kutosha. Nilimnyamazisha mtoto wa miaka mitano mbele ya watu, watu wakacheka, nami nikafurahi walivyocheka. Kisha lawama nikamtwisha mtu mwingine.

Nikikumbuka naona kinyaa. Si huzuni, jamani, huzuni ina heshima yake! Hiki ni kinyaa cha mtu aliyekaa kwenye chumba kilichojaa watu, kila mmoja anauliza harufu inatoka wapi, kisha anainusa fulana yake mwenyewe na kupata jibu.

Majina nimeyabadilisha. La kwangu nimeliacha kabisa, kwa hiyo mnaona kwamba uoga bado ninao.

Nina miaka hamsini na mbili. Nafundisha chuo upande wa Chimwaga na naandika makala za kuwakosoa watu. Mtaani kwetu Ihumwa wananiita Dokta. Shahada hiyo sijaimaliza, naisoma mwaka wa tisa sasa, lakini sijawahi kumsahihisha hata mmoja anayeniita hivyo. Ningekuwa wewe, ningeanzia hapo kunitilia shaka.

Mimi si mwenyeji wa Dodoma, nililetwa na ajira. Mke wangu ndiye mwenyeji, Mgogo wa Bahi. Mwaka juzi mdogo wake alituletea binti yake akae kwetu aanze chekechea. Tumwite mtoto huyo Nyemo, na mama yake Mama Nyemo.

"Shemeji," aliniambia siku anamleta, "kule kwetu mvua ikichanganya njia yote inajaa maji, mtoto hafiki shule. Huku kwenu shule iko mlangoni. Nakuachia."

Nikamjibu kwamba amefika kwenye nyumba ya elimu. Ndivyo nilivyosema! Nyumba ya elimu!

Nyemo alikijua Kigogo chote. Kiswahili alikuwa amekisikia redioni na kwa madereva wa bodaboda. Nyumbani alizungumza na mke wangu tu, kwa sauti ya chini, kama watu wanaopanga njama. Mimi alinipa shikamoo asubuhi na shikamoo jioni, na katikati ya hizo mbili hakukuwa na kitu.

Chekechea ilikuwa kimya zaidi. Miezi miwili mizima hakutoa neno darasani. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, cheo nilichopewa kwa sababu nina gari na naweza kuongea bila kusoma karatasi. Nikamfuata mwalimu wake, Mwalimu Rehema, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu.

"Mwalimu, huyu mtoto huenda ana tatizo la masikio."

"Anasikia, Dokta. Anasikia kuliko hata wewe."

"Sasa mbona haongei?"

"Bado hajapata cha kusema. Tumwache."

Mwalimu Rehema alikuwa ameitenga pembe moja ya darasa na kuijaza vitu ambavyo mimi niliviona ni takataka: maboksi, kanga kuukuu, magunzi ya mahindi, masufuria yaliyotoboka, kamba ya katani. Watoto waliingia humo kila asubuhi wakawa wauguzi, mafundi, mama na wajukuu zao. Nilimuuliza hawa watoto wanasoma saa ngapi. Akaniambia ndivyo wanavyosoma. Nikacheka kidogo kwa pua, kile kicheko cha mtu wa chuo kikuu.

"Njoo kesho usimame dirishani," akasema. "Usiingie. Simama tu."

Nikaenda.

Sasa, reli inapita jirani na kwetu, na ng'ombe wa watu huvuka kwenda malishoni. Watoto walikuwa wamelitengenezea mchezo jambo hilo. Kamba ya katani ilitandazwa sakafuni mistari miwili, hiyo ndiyo reli. Mtoto mmoja, Baraka, alikuwa treni, na nyuma yake mabehewa matatu yameshikana mashati. Wengine walitembea kwa magoti na mikono, ng'ombe. Mchungaji alipaswa kuwavusha wote kabla treni haijafika.

Nyemo alikuwa ng'ombe. Mwalimu alimpa nafasi hiyo kwa makusudi, kwa kuwa ng'ombe hadaiwi maneno.

Treni ikaanza kuja. Mchungaji, msichana mmoja mwenye ribini, alikuwa anakuna goti lake. Ng'ombe mmoja amebaki katikati ya reli anamwangalia mjusi ukutani. Nyemo akainuka kwa miguu miwili!

"We Baraka! Simamisha! Ng'ombe yuko njiani, huoni? Hayo macho ni ya nini?"

Baraka akafunga breki, mabehewa yakamgonga kwa nyuma, yote yakaanguka. Yule ng'ombe akavuka. Nyemo akamalizia kwa Kigogo maneno mengi ambayo sikuyaelewa, ila nilielewa kwamba treni ilikuwa inatukanwa.

Kuanzia siku hiyo yeye ndiye mchungaji. Nilienda tena na tena. Mwalimu Rehema alijiingiza mchezoni kama mwenye mifugo, amejifunga kanga begani, akauliza kwa ukali:

"Ng'ombe wangu walikuwa saba. Mbona naona sita?"

Nyemo akawapitia kwa fimbo, mmoja mmoja, midomo inahesabu.

"Mmoja anakunywa maji."

"Wapi?"

"Kule. Yule mweusi. Mvivu kama wewe, nenda kamlete mwenyewe."

Darasa zima lilicheka, na mwalimu akaenda kweli, akamleta "ng'ombe" kwa mkono. Mtoto aliyekuwa bubu kwa miezi miwili alikuwa anahesabu, anatoa sababu, anabishana na mtu mzima kwa lugha ya pili. Na hakuna aliyemwambia sema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kurudi nyumbani na kufunga mdomo. Lakini mtu aliyezoea kuandika akiona kitu kizuri anaona kwanza nafasi ya jina lake.

Mahafali yalikuwa yanakaribia. Mnayajua mahafali yetu ya chekechea: watoto wasiojua kufunga kamba za viatu wanavishwa majoho, wanasomewa risala, wanakatiwa keki, wanakaa juani kumsubiri mgeni rasmi. Mwaka ule tulikuwa tumempata mgeni rasmi mkubwa, mtu wa ofisi yenye zulia. Nikamwambia Mwalimu Rehema kwamba ule mchezo wa ng'ombe lazima uende jukwaani.

"Ukienda jukwaani si mchezo tena," akasema.

"Tutauboresha tu. Nitawaandikia maneno."

"Maneno wanayo, Dokta. Leo wanasema hivi, kesho vile. Ukimpa Nyemo maneno yako, yake atayaweka wapi?"

"Mwalimu, anakuja mgeni rasmi."

Alinyamaza. Alikuwa mwajiriwa, mimi mwenyekiti. Nikauchukua ule ukimya nikauita makubaliano.

Nikaandika kurasa nne. Nilizipa jina "Mifugo, Reli na Maendeleo." Naapa sikuwa nimelewa. Ng'ombe niliwapa ubeti wa kukariri:

"Sisi ng'ombe wa uwanda, reli tunaitambua,
Maendeleo yakipanda, nasi tunashangilia."

Ng'ombe! Watoto wa miaka mitano, juu ya magoti, wanaitambua reli! Baraka, ambaye raha yake yote ilikuwa kulia puuu, nilimpa hotuba ya treni kuhusu miundombinu. Na Nyemo nilimpa mistari kumi na moja iliyoanza, "Ndugu mgeni rasmi, mimi ni mfugaji wa kisasa."

Mazoezi niliyasimamia mwenyewe, kila alasiri, nimeshika karatasi. Siku ya kwanza walichangamka. Ya pili walianza kupiga miayo. Siku ya tatu Nyemo alifika kwenye "mfugaji wa kisasa" akakwama. Akaangalia dari, akaangalia reli ya kamba, akaona treni imesimama na ng'ombe wamelala. Basi akafanya lile alilolijua. Akainua fimbo akawaita ng'ombe kwa ule wito wa kwao, wa kuvuta kwa koo, mrefu, unaopanda mwishoni. Watoto wote wakaamka! Ng'ombe wakatimka kuvuka, Baraka akalia puuu. Kwa nusu dakika mchezo ulirudi wenyewe.

Nami nikapiga makofi. "Simama! Simameni wote! Nyemo, hapa si Bahi."

Kisha nikamwigiza. Nilikiinua kidevu kama yeye, nikauvuta ule wito kwa koo, nikautia kigugumizi ambacho hakuwa nacho, nikakodoa macho. Kipaji hicho ninacho, huwachekesha wenzangu kwenye vikao na kwenye meza za bia. Nikarudia mara ya pili maana mara ya kwanza walicheka.

Watoto walicheka sana. Nyemo naye alitabasamu kidogo, kwa kuwa wengine walikuwa wanacheka na hakujua bado kwamba wanamcheka yeye. Lile tabasamu, jamani. Kila ninapolikumbuka nalazimika kusimama.

Jioni ile getini nilikuta watoto wanne wamemzunguka. Wanainua videvu, wanavuta koo, wanakodoa macho. Hawakuwa wanamwigiza Nyemo. Walikuwa wananiigiza mimi nikimwigiza Nyemo, na walinipatia mpaka mkono wangu wa kiunoni.

Mwalimu Rehema alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Dokta, uliniuliza wanasoma saa ngapi," akasema. "Umewafundisha mara moja tu, na wote wamefaulu."

Nilikasirika. Nilimwambia anakosa ushirikiano.

Siku ya mahafali mgeni rasmi alichelewa kwa saa tatu. Watoto walikaa ndani ya majoho chini ya turubai lenye joto kama tanuri, wakinywa soda ili wasilie. Alipofika, spika zikapigwa, risala ikasomwa, na igizo langu likatangazwa kwa jina langu na cheo ambacho si changu.

Ng'ombe walisema ubeti wao. Wakubwa wakapiga makofi. Ikafika zamu ya Nyemo. Akasimama mbele na fimbo, soksi nyeupe, joho linaburuta. Akafungua mdomo. Hakuna kilichotoka.

Nilikuwa safu ya kwanza namchezeshea midomo: "Ndugu mgeni rasmi. Ndugu mgeni rasmi." Hakuna. Ng'ombe mmoja akainua kidevu akavuta koo kwa siri, mwingine akamwiga, kicheko kikapita kwenye magoti yao. Nyemo alikisikia. Mwalimu wake alishasema kwamba anasikia.

Naye mgeni rasmi akaangalia saa yake.

Ile saa ndiyo iliyoniinua kitini. Mtoto alikuwa anazama mbele yangu, nami nikaogopa saa ya mtu! Nikachukua kipaza sauti kwa mshereheshaji.

"Mheshimiwa, tumvumilie kidogo. Mfugaji wetu katoka Bahi kwa bodaboda, ila Kiswahili chake kinakuja nyuma na lori la mpunga."

Turubai zima likavunjika kwa kicheko. Mgeni rasmi akajipiga paja. Na mimi, naandika hili kwa kuwa bila hili ungamo halina maana, nilisikia utamu. Nilisimama nao sekunde kadhaa, kipaza sauti mkononi, nikiwaza mstari wa pili wa kuongezea.

Kisha nikaona soksi nyeupe za Nyemo zinalowa, zinabadilika rangi.

Mwalimu Rehema alikatiza jukwaa lote, mbele ya mgeni rasmi, akavua mtandio wake, akamfunga Nyemo kiunoni na kumbeba. Hakuniangalia. Aliyeniangalia ni mke wangu, kutoka safu ya nne, na sikuwahi kujua kwamba uso ule unaweza kunitazama hivyo.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa ubaya wangu. La!

Siku mbili baadaye kamati ilikaa. Wazazi walikuwa na hasira, shule imeaibika. Mmoja akauliza, "Dokta kaandika tu. Kwani nani aliwaandaa hawa watoto, nani aliwafanyisha mazoezi?"

Mwalimu Rehema alikuwa ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti juu. Akanigeukia akasubiri. Alinipa nafasi.

Nikasafisha koo. "Kwa kweli," nikasema, "mwenye darasa ni mwalimu."

Sentensi moja tu. Waliobaki waliimalizia wenyewe: kwamba kazi yake ni kuchezea maboksi, kwamba watoto hawasomi, kwamba ile takataka ya pembeni iondolewe. Iliondolewa wiki hiyohiyo, wakapanga madawati. Mkataba wake ulipokwisha hawakuuendeleza. Nami niliuongoza mkutano ule mpaka sala ya kufunga.

Nyemo aliacha kuongea hata na mke wangu. Njama zao za jioni zikaisha. Alikula, alilala, aliitikia kwa kichwa. Nyuma ya nyumba kuna watoto wa jirani waliokuwa wakimwita aje kupika mchanga, naye alikaa kizingitini akiwatazama kama mtu anayetazama nchi nyingine. Mke wangu akampigia mdogo wake simu.

Mama Nyemo alikuja siku ya pili. Alimpakata binti yake, akamsemesha Kigogo, akasubiri, akamsemesha tena. Kisha akaniinulia macho.

"Shemeji, mwanangu mlimfanya nini?"

"Mwalimu wake hakuwa mzuri," nikasema.

Mke wangu akainuka akatoka nje. Hakunifichua. Angenifichua ningemshukuru! Mama Nyemo akafunga nguo za mtoto kwenye mfuko wa salfeti, wakapanda bodaboda kwenda stendi, na Nyemo hakugeuka.

Muda ukapita. Niliandika makala kadhaa kuhusu maadili.

Jumamosi moja nikakutana na Mwalimu Rehema sokoni, anachagua nyanya. Nilitaka kupenya katikati ya mafungu ya mchicha nitoweke, lakini mwili wangu si wa kupenya popote. Akanisalimia vizuri. Nikaanza kusema juu ya mkataba wake, kwamba nilikuwa na nia, kwamba kamati, kwamba mazingira. Akanisubiri nimalize.

"Nyemo anaongea?" akauliza.

Hilo ndilo pekee alilotaka kujua. Miezi yote ile sikuwa nimeuliza, maana ningeuliza ningesikia. Nikasema sijui. Akaitikia kwa kichwa, akamlipa mwenye nyanya, akaondoka.

Kesho yake nikaenda Bahi.

Mama Nyemo alikuwa uani anapepeta mpunga. Alinipa kigoda. Nikamweleza yote, kuanzia kurasa nne mpaka "mwenye darasa ni mwalimu." Hakusimamisha ungo. Makapi yalikuwa yananirukia usoni na sikuthubutu kuyafuta.

"Kwa hiyo ulikuwa unawachekesha wakubwa," akasema mwishoni.

"Ndiyo."

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Basi hongera, shemeji."

Akaendelea kupepeta. Nimewahi kutukanwa na wahariri, wanafunzi na askari wa barabarani. Hakuna aliyenipata kama yeye.

Hapo kelele zikasikika nyuma ya nyumba. Makopo yanagongwa, watoto wanapiga mayowe, na juu ya mayowe yote sauti moja inatoa amri, nusu Kigogo nusu Kiswahili: "Wanashuka! Wanashuka upande wako! We ndege umeshafukuzwa, rudi mtini! Siyo wewe, yule mwingine!"

Walikuwa wanacheza kulinda mpunga. Nusu yao ndege, nusu walinzi. Sauti ilikuwa ya Nyemo.

Nikainuka bila kuomba ruhusa. Nilikuwa na maneno ya kumwomba radhi, nimeyatunga njiani, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Nikazunguka ukuta.

Walinyamaza wote kwa pamoja. Ndege wakakunja mabawa. Walinzi wakaweka makopo chini, wakajipanga, wakanikunjia magoti: "Shikamoo!" Nyemo alikuwa mwisho wa mstari. Midomo yake ilifanya shikamoo, sauti haikuwamo.

"Nyemo," nikasema, "nilikosea."

Yale mengine yote yalipotea. Nyemo hakuwa amekasirika wala kuogopa, alikuwa anasubiri tu, kama unavyosubiri lori lipite ndipo uvuke.

"Shemeji," Mama Nyemo akaniita kutoka uani, "njoo ukae huku mbele. Unawaharibia."

Nikarudi kigodani. Kisha kopo moja likagongwa, kwa kujaribu. Kisha la pili. Kisha ile sauti ikapanda tena, inawafukuza ndege, inawagombeza walinzi, inacheka. Nilimuuliza Mama Nyemo kama naweza kusikiliza kidogo kabla sijaondoka.

"Sikiliza," akasema. "Ila usinyanyuke."

Nimemwandikia mwenye shule barua inayosema nani hasa aliwaandaa watoto. Uenyekiti nimeuacha. Mwalimu Rehema amepata darasa kwingine, si kwa msaada wangu. Siwaambii haya ili mnisamehe. Nyemo anaongea, lakini haongei nilipo mimi, na sijui kama siku moja ataongea. Hiyo ndiyo bei, na ni halali.

Ninyi wenye watoto, ninyi wa kamati, ninyi mnaopenda mahafali yenye spika kubwa, nawaomba. Mtoto anayejifanya mchungaji yuko kazini kuliko wewe ofisini kwako. Usimwandikie. Usimsahihishe matamshi. Usimwite mgeni aje kumwona, na usiitoe simu yako mfukoni ili uwaoneshe watu wa kundi la familia. Na kama una kipaji cha kuchekesha, kawachekeshe wakubwa wenzako kwa aibu zako mwenyewe, nakuhakikishia zinatosha.

Ukiwakuta wanacheza, wakikualika, ingia uwe chochote watakachokupa. Wasipokualika, pita.